Habari ya Kifo Hubebwa na Mtu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wasomaji na wakazi katika maktaba ya Kaloleni, Nairobi

Wazee wetu, akina mama, ndugu zangu, na vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kuketi nasi,

Niliombwa nizungumze kuhusu maisha ya siku hizi, nami nimechagua jambo moja tu ndani ya maisha hayo, yaani namna habari ya kifo inavyomfikia mtu. Najua wengine mlitarajia mada nyepesi zaidi, na kwa hilo mtaniwia radhi. Hili ni jambo nililolibeba kwa miaka kadhaa, na sijapata mahali pengine pa kulitua.

Mwaka 2017, saa nane mchana, nilikuwa nimeketi ndani ya matatu kwenye barabara ya Jogoo nikielekea mjini, pale ambapo msongamano huanza kukaza na abiria wote huinamia simu zao. Yangu ikatetema. Ilikuwa picha katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu, kundi ambalo kwa kawaida hutangaza kukatika kwa maji au kupotea kwa mtoto. Picha ilionyesha pikipiki iliyolala ubavu, watu waliosimama duara, na katikati yao mtu aliyelala kifudifudi. Uso haukuonekana. Chini yake paliandikwa kwamba anayemjua mtu huyu aijulishe familia yake. Sikuhitaji kuuona uso. Niliiona ovaroli ya buluu yenye madoa ya rangi nyekundu na ya njano mgongoni, na madoa yale niliyajua moja moja, kwa sababu nilikuwepo siku kopo lilipommwagikia. Alikuwa mdogo wangu.

Watu zaidi ya mia mbili walimwona ndugu yangu akiwa amekufa kabla mama yetu hajajua kuwa amekufa. Sentensi hiyo nimeirudia moyoni mara nyingi mno, na kila mara hunishinda pale pale.

Aliyeipiga picha ile simlaumu. Maneno aliyoyaandika ni ya mtu anayetaka kusaidia, na huenda mikono yake ilikuwa ikitetemeka kama yangu. Alikuwa na simu mkononi, akaona jambo zito, akafanya kile ambacho simu imetuzoesha sote kukifanya. Ninachotaka tukiangalie pamoja ni mazoea yenyewe, ambayo yameingia kwetu haraka kiasi kwamba hatukupata wasaa wa kuulizana kama tunayataka.

Nilishuka, nikavuka barabara, nikapanda matatu ya kurudi. Mama alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyopokea picha, na naamini simu ile ndiyo iliyomsitiri kwa saa ile nzima niliyokuwa njiani. Nilipoingia mtaani nilitambua kuwa kila mtu anajua. Wanawake waliokuwa wakianika nguo waligeuza nyuso, na fundi viatu ambaye hakuwahi kuniacha nipite bila salamu aliinamisha kichwa juu ya kiatu kisichokuwa na kazi. Nikawa na hofu kwamba nitamkuta Mama amezungukwa na vilio.

Nilimkuta ameketi mlangoni akikata sukuma wiki. Kando yake alikuwa jirani yetu mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Nyanya, naye akikata sukuma wiki vilevile. Baadaye nilielezwa yaliyotokea. Mjukuu wake alimwonyesha picha ile, naye akaitambua ovaroli kama nilivyoitambua mimi. Hakupiga ukemi. Alimtuma mjukuu sokoni akanunue sukuma wiki nyingi, zaidi ya wanazoweza kula, kisha akazibeba hadi kwetu akimwambia Mama kuwa vidole vyake vinamuuma na anaomba msaada wa kuzikata. Akamweka mvulana mmoja langoni amzuie yeyote atakayekuja akilia. Halafu akaanza kuzungumza juu ya bei ya unga, juu ya mvua, juu ya harusi ya mtoto wa fulani, akaendelea kuzungumza mpaka nilipofika. Aliponiona alinyanyuka. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukichukua kisu kutoka mkononi mwa Mama, akakiweka mbali juu ya kizingiti. Kisha akasema, "Mwanangu, mtoto wako ana neno na wewe," akasimama nyuma yake na kumshika mabega.

Mambo mengi ya siku ile yamefifia. Kisu hakijafifia.

Yule mama mzee hakuwa amesoma kitabu chochote juu ya kufiwa. Alijua tu kwamba habari ya kifo si kama habari nyingine, na kwamba mwenye haki ya kuitoa ni mtu wa karibu, na kwamba mwenye kuipokea lazima awe ameketi, asiwe peke yake, asiwe na kisu mkononi. Haya yote yamo ndani ya lugha yetu tangu zamani. Kiswahili hakiiiti habari hiyo habari tu, bali kimeipa jina lake, tanzia. Wala hakikumwacha aliyebaki bila kitenzi chake, maana anayekufa hufa, na anayebaki hufiwa. Tukisema kwamba fulani amefiwa tumekwisha kukiri kuwa kifo kimoja kina watu wengi ndani yake, na kwamba yupo mtu hai ambaye jambo hili limemtendekea naye anahitaji kutazamwa. Picha ile ya barabarani ilimwonyesha aliyekufa. Waliofiwa hawakuwamo.

Nilipokuwa mtoto, baba yetu akifanya kazi ya reli na sisi tukiishi Makongeni, tanzia ilikuja kwa miguu. Mzee mmoja, mara nyingi wa ukoo au wa kanisa, angebisha hodi jioni akiwa amevaa koti hata kama kuna joto. Angeomba maji. Angeulizia watoto na shule. Baba alikuwa ameshaelewa tangu alipoliona koti, lakini hakumharakisha, kwa sababu dakika zile za maji na maswali ya shule zilikuwa zimewekwa kwa ajili yake, ili akili itangulie na moyo ufuate. Siku moja habari ilimkuta Baba akiwa kwenye zamu. Mzee yule hakumwita kutoka kazini. Alingoja nje ya lango la reli hadi zamu ilipokwisha, wakarudi nyumbani wakitembea bega kwa bega, na Baba akaambiwa akiwa amekwisha kuketi kwenye kiti chake.

Halafu kulikuwa na redio. Wazee waliopo hapa wanakumbuka matangazo ya vifo ya Sauti ya Kenya, ambayo mwaka 1989 iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Yalipoanza, nyumba nzima ilinyamaza. Msomaji alisoma polepole jina la marehemu na mahali alipotoka, kisha zikafuata zile orodha ndefu za watu ambao habari iwafikie, kaka aliye Mombasa, shemeji aliye Eldoret, wajomba walio Kisumu, mpaka ukaiona nchi nzima ikishikwa mkono na jina moja. Nitakuwa mkosefu wa haki nikisema kuwa redio haikumshtua mtu yeyote. Yupo aliyelisikia jina la mama yake akiwa kinyozini. Lakini tangazo lile lilipelekwa redioni na familia yenyewe, maneno yakiwa yamechaguliwa na wenye msiba, na waliofiwa walitajwa ndani yake mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo tofauti ninayoizungumzia haianzi kwenye chombo. Inaanza kwa anayetuma, na kwa kile anachokitambua kabla ya kutuma.

Hapa siwezi kumpita Leonard Mambo Mbotela. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika ukoo ambao jina lake linabebwa hata na mtaa wa Mbotela, si mbali na hapa tulipo, na kuanzia mwaka 1966 alituletea redioni kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" Alisimulia kisa kidogo cha kila siku, labda cha mgeni anayefika saa ya chakula kila mara, au cha mtu anayepaza sauti mahali pasipofaa, kisha akaiacha nchi na swali lile. Mama hakupenda kukikosa. Sisi watoto tulilichukua swali tukalifanya letu, tukaulizana tukigombania nyama, tukaulizana mwenzetu alipomsukuma mwingine kwenye foleni ya maji. Nataka vijana waelewe uzito wake. Mamilioni ya watu wa makabila na dini tofauti, katika nchi changa isiyozidi miaka mitatu ya uhuru, walipewa swali moja la kuulizana kwa lugha moja, na swali lenyewe halikuhusu sheria wala siasa, lilihusu namna ya kuishi na mwenzako.

Kuna jambo jingine juu yake. Alfajiri ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waliojaribu kuipindua serikali walimchukua Mbotela wakampeleka redioni awatangazie wananchi. Walikuwa na bunduki na walikuwa wamekikamata kituo, na yeyote kati yao angeweza kusoma karatasi. Hata hivyo walimtafuta yeye. Hata waasi walifahamu kwamba habari nzito haiingii masikioni mwa watu mpaka ibebwe na sauti wanayoijua.

Sasa nikiwa nimesema hayo, lazima nimsikilize yule atakayenyanyua mkono na kuniambia kwamba ninazililia siku za zamani ambazo zilikuwa na ukatili wake. Ana hoja. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani na jengo la Ufundi House likaporomoka, watu 213 walipoteza maisha hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Baba alikuwa na binamu aliyefanya kazi karibu na hapo. Alimtafuta kwa miguu, hospitali hadi hospitali, akisoma karatasi za majina zilizobandikwa ukutani kwa kalamu, kila karatasi ikiwa na watu mia wanaoisukuma, na kila alipokosa jina hakujua kama ashukuru au aogope. Ilichukua siku tatu. Binamu yule alipatikana hai, akiwa na vioo machoni. Kama mtu angekuwa na simu wakati ule akaandika neno moja tu, zile siku tatu zisingemzeesha Baba kama zilivyomzeesha. Ninakubali kabisa. Hata picha ya ndugu yangu iliufikisha mwili wake kwa jina lake siku ileile, na zipo familia zinazongoja wiki nyingi mbele ya milango ya vyumba vya maiti.

Ninachoomba ni kwamba anayeijua habari amtafute mwenye habari. Ujumbe uleule ungeweza kutumwa kwa mtu mmoja, kwa mzee wa mtaa, kwa mwenye kundi, bila picha, ukisema kuna kijana ameumia mahali fulani, amevaa hivi. Ungefika. Ungekuwa umebebwa.

Nirudi kwa ndugu yangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba utamaduni wa vijana wa mji huu unajua kuomboleza kuliko tunavyoukubalia. Kazi yake ilikuwa kuchora matatu. Alianza mwaka 2003, akiwa na miaka 19, katika gereji moja ya huku Eastlands, akichanganya rangi kwa ajili ya wachoraji wakubwa. Tarehe 16 Machi mwaka ule, siku ya Jumapili, msanii wa rap Issah Mmari, tuliyemjua kama E-Sir, alifariki katika ajali ya gari karibu na Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Mnaokumbuka mtashuhudia jinsi vituo vya redio vya FM, ambavyo wakati ule vilikuwa bado vigeni kwetu, vilivyokaa na jina lake kutwa nzima, na jinsi kila matatu iliyopita ilivyokuwa na sauti yake ndani. Ndugu yangu, ambaye hakulia Baba alipofariki mwaka mmoja kabla, alilia kwa ajili ya kijana asiyemjua. Wakati ule nilimwona kama mtu aliyepotoka. Leo naamini alikuwa akimlilia Baba kupitia mlango pekee uliokuwa wazi. Wengi wetu tumewahi kufanya hivyo: kilio cha nyumbani kimekwama kooni, halafu anakufa mwimbaji au mwanariadha au mwigizaji tuliyekuwa tukimtazama na wazazi wetu, na ghafla kinapata njia.

Mchoro wake wa kwanza alioachiwa aufanye peke yake ulikuwa wa uso wa E-Sir kwenye kioo cha nyuma. Haukudumu. Kanuni za usafiri za Waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zikatakiwa kuwa na mstari wa njano, mikanda na vidhibiti mwendo, na michoro mingi ikafutwa. Sizilaumu kanuni zile, kwa sababu ziliokoa watu. Nakumbuka tu kwamba ndugu yangu alikisugua kile kioo kwa mkono wake mwenyewe na hakumruhusu mwingine akiguse. Michoro iliporudi barabarani miaka ya baadaye alikuwa ameshakuwa fundi, akichora wachezaji, wanamuziki, manabii, na mara kwa mara kijana wa mtaa aliyekufa, pale rafiki zake walipochanga pesa. Picha hizo hakuzitoza bei kamili.

Alipokufa, wenzake walimchora yeye. Walimweka kwenye kioo cha nyuma cha nganya moja, kama vijana wanavyoziita matatu zilizopambwa, akiwa na brashi sikioni kama alivyozoea. Mama aliijua saa yake ya kupita. Alikuwa akiziachia matatu tatu, hata nne, zipite akiwa na mfuko mkononi, ili apande ile. Makondakta wakazoea, hawakumdai nauli. Lakini matatu haidumu na sura moja, na baada ya miaka miwili hivi tajiri wake aliiuza, na mnunuzi akataka michoro mipya. Basi jioni moja kijana mmoja alibisha hodi kwetu. Alikuwa na nywele zilizosukwa na viatu vyenye rangi, na ndiye aliyepewa kazi ya kuupaka upya ule mgongo wa gari. Akaomba maji. Akamuuliza Mama hali yake ya miguu. Kisha akamwambia kwamba kesho yake ataifuta picha, na kwamba hakutaka aione imefutika akiwa stejini peke yake. Akamuuliza kama angependa kwenda kuiaga. Mama alienda. Aliketi kwenye tairi katika gereji ile karibu saa nzima, na vijana wakazima muziki.

Kila ninaposikia kwamba vijana wa siku hizi hawana ungwana, kwamba mitandao imewala, humkumbuka yule kijana na glasi yake ya maji. Alitoka wapi na ujuzi ule? Hakuwahi kumwona mzee mwenye koti akibisha mlango Makongeni. Aliupata mahali fulani, kwa mama yake labda, au kwa ndugu yangu.

Nilisema kwamba mazoea haya yaliingia haraka. Tarehe 15 Januari 2019, wakati wa shambulio la hoteli ya DusitD2 hapa Nairobi, ambapo watu 21 waliuawa, gazeti la New York Times lilichapisha picha iliyoonyesha waliouawa wakiwa mezani. Wakenya walighadhabika, wakaandika kwa maelfu wakidai iondolewe, nami niliandika pamoja nao, kwa hasira ya mtu aliyekuwa ameshaonja. Naamini tulikuwa sahihi. Lakini usiku uleule, kabla sijalala, nilizikuta kwenye makundi mawili picha nyingine za mkasa uleule, mbaya zaidi, zikiwa zimetumwa na watu ninaowasalimia kila siku. Nilikaa kitandani na simu. Tulilidai gazeti la mbali heshima ambayo sisi kwa sisi hatukuwa tumeahidiana.

Kuhusu mengine yaliyobadilika sitakawia. Michango ya mazishi inapita kwa M-Pesa, ambayo tuko nayo tangu mwaka 2007, na ni msaada mkubwa kwa watu wetu walio mbali. Kamati zinaundwa kwa saa moja. Orodha ya waliochanga inazunguka kwenye kundi, kila mmoja akiongeza jina lake, na ingawa wapo wanaoliona hilo kuwa maonyesho, hata harambee za wazee zilisoma majina kwa sauti. Nina jambo moja tu la kulisema hapo, na ni dogo, lakini liliniumiza kuliko nilivyotarajia.

Kundi la mazishi ya ndugu yangu lilikuwa na watu 180. Tulimzika Jumamosi. Usiku ule, nikiwa nimechoka nisiweze kulala, niliifungua simu nikaona mistari midogo ya kijivu ikishuka mmoja baada ya mwingine, fulani ameondoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Hawakukosea. Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mimi nilikuwa nimemfukia mtu mchana, na usiku nikasomewa mia nzima wakiondoka bila neno. Waswahili wana tendo liitwalo kuanua matanga. Siku za msiba hazikatiki tu. Watu hukaa, hufanya yale yapasayo ya mwisho, huagana, na aliyefiwa hujua kwamba sasa matanga yameanuliwa na anaruhusiwa kuanza kutembea. Tangu wakati ule, kila kundi ninalolisimamia hulianua. Ninaandika jioni ya siku ya tatu, nawashukuru watu, namwomba mtu wa familia aseme neno, kisha kundi linafungwa kwa pamoja.

Simu ileile, kwa upande mwingine, imenihifadhia sauti yake. Ni ujumbe wa sekunde arobaini, akiuliza kama nimemnunulia Mama dawa ya shinikizo la damu au anunue yeye, na nyuma yake kuna nyundo ya gereji na mtu anayecheka. Nimeuhamisha kwenye simu tatu sasa. Baba hakuacha sauti yoyote, na leo siwezi kukuambia kwa hakika alilitamkaje jina langu. Mama huomba kuusikiliza mara moja moja, si mara nyingi. Akiuomba, huketi kwanza.

Mbotela alipofariki, tarehe 7 Februari 2025, nilikuwa kazini na simu zote za ofisi zikalia kwa pamoja. Nilitoka nje nikampigia Mama kabla redio ya jirani haijamfikia. Nilimuuliza kama amekula, nikamuuliza kama ameketi. Akanyamaza, kisha akasema, "Ni nani?" Nilipomtajia alikaa kimya muda mrefu, nami sikuongeza neno. Halafu aliniuliza swali ambalo halikuwa limenipitia akilini. Aliniuliza, "Na watu wake, waliambiwa na nani?"

Sikuwa na jibu, lakini wiki ile niliandika kwenye kundi la mtaa wetu, lile lile la ile picha. Niliwaeleza kwa urefu yale niliyowaeleza leo, nikapendekeza kanuni moja, kwamba hakuna tanzia itakayoandikwa humo mpaka mtu wa familia aiandike mwenyewe, na kwamba anayejua jambo kabla ya familia ampigie mzee wa mtaa. Wengine walikubali, wengine hawakusema kitu. Yule wa picha alinipigia simu faraghani. Yaliyosemwa kati yetu yatabaki kati yetu.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa mtaa alifariki hospitalini. Nilipata habari saa tisa alasiri kutoka kwa muuguzi tunayejuana, nikampigia mzee wa mtaa, akaniambia ameshajua. Nikaifungua simu nikaliangalia kundi. Watu zaidi ya mia mbili walikuwemo, na kwa jinsi mtaa wetu ulivyo, nusu yao walikuwa wameshasikia. Hakuna aliyeandika. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita, wakati ambao kwa kawaida watu hupeana habari za umeme na maji na mpira, na hata hayo hayakuandikwa. Nilitoka nje. Nilimkuta mama mmoja akipita njia ya kuelekea kwa wazazi wa yule kijana, akiwa amebeba kigoda kichwani na mfuko wa mboga mkononi, akaniitikia salamu kwa kichwa bila kusimama.

Saa kumi na mbili na dakika saba jioni, dada yake marehemu aliandika.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.